Kabla ya kiwanda kingine cha korosho, tununue daftari

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tunapenda kuwaambia wenye maduka na wauza samaki. Sisi watu wa korosho hatujautumia mahali ulipohitajika zaidi, yaani mlangoni mwa ghala na ndani ya kiwanda.

Kila msimu ukifunguliwa, kuanzia Newala juu ya uwanda wa Makonde hadi ukishuka Masasi kwenye milima ya mawe, wimbo ni ule ule: tujengewe viwanda, tubangue korosho wenyewe, tuache kupeleka ajira zetu India na Vietnam. Ni wimbo mzuri na mwandishi wa makala hii anauimba pia. Lakini ndugu zangu, tuliwahi kujengewa viwanda. Tukumbushane ilikuwaje kabla hatujaomba vingine.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho ghafi zipatazo tani 145,000. Kwa kuona wingi huo, nchi ikakopa fedha, ukiwamo mkopo wa Benki ya Dunia, na kujenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mitambo kutoka Italia na Japan. Masasi ikapata, Newala ikapata, na miji mingine ya kusini na pwani vilevile. Uwezo wa viwanda vyote kwa pamoja ulikaribia tani 113,000 kwa mwaka. Wakati mitambo inafungwa, mavuno yalikuwa yanaporomoka. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa unachoma maua. Kufikia msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna tani zisizofika 17,000. Baadhi ya viwanda havikuwahi kufanya kazi ya maana, vingine vilisimama, na baadaye majengo kadhaa yaliyouzwa kwa watu binafsi yakageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Habari hiyo huwa tunaisimulia kama habari ya siasa na ugonjwa wa mikorosho, na ni kweli. Ila ina upande wa pili ambao hausemwi sana. Viwanda vilipangwa kana kwamba kilele cha mavuno ndiyo hali ya kawaida na kwamba kingeendelea kupanda. Tena mitambo ile ilivunja korosho nyingi kuliko mikono ya wabanguaji wa India, na korosho iliyovunjika haiuzwi bei ya korosho nzima. Yote mawili ni makosa ya hesabu. Kosa la kwanza ni kuamini namba moja kubwa bila kutazama namba zinavyopanda na kushuka. Kosa la pili ni kununua mashine kwa kuangalia tani inazomeza, bila kuuliza zinatoka nzima ngapi.

Leo mavuno yamerudi. Kazi ya watafiti wa Naliendele, dawa ya salfa na jasho la wakulima viliifikisha nchi kwenye tani zaidi ya 310,000 msimu wa 2017/18, na baada ya kuyumba kwa miaka kadhaa mavuno yamepanda tena. Sehemu kubwa bado inasafirishwa ikiwa ghafi. Mazungumzo ya viwanda yamepamba moto upya, na serikali imetenga eneo la Maranje mkoani Mtwara kwa ajili ya viwanda vya korosho. Ndiyo maana nasema huu ndio wakati wa kuuliza swali ambalo baba zetu hawakuuliza: kiwanda kikishajengwa, tutajuaje kama kinafanya kazi vizuri?

Tujifunze kwa wachenjuaji wa madini

Swali hilo wenzetu wa migodini wamelijibu siku nyingi. Mtambo wa kuchenjua dhahabu na kiwanda cha kubangua korosho vinafanana kuliko tunavyodhani. Vyote viwili hupokea kitu ghafi kisicho sawa leo na kesho. Vyote viwili huvunja ganda au jiwe ili kutoa kidogo chenye thamani ndani ya kingi kisicho na thamani. Na vyote viwili hupoteza mali kwa njia mbili: kuiharibu wakati wa kuivunja, au kuitupa pamoja na takataka.

Jirani zetu wa Ruangwa wanazungumzia madini ya kinywe. Kwenye kinywe, magamba makubwa ya madini huuzwa bei nzuri kuliko unga wake, hivyo kinu kikisaga kupita kiasi kinakula faida. Je, hiyo si hadithi ya korosho nzima na vipande? Nenda Geita kwa wachimbaji wadogo. Mwenye karasha anasaga mbale ya mchimbaji, mchimbaji anakamata dhahabu yake kwa zebaki, kisha mchanga uliobaki, wanaouita marudio, unabaki kwa mwenye karasha. Mara nyingi zebaki inakamata chini ya nusu ya dhahabu yote. Iliyobaki inatolewa baadaye kwa sumu ya sayanaidi, na anayefaidika ni yule aliyejua kilichomo kwenye marudio. Asiyepima taka zake anagawa mali bila kujua.

Wahandisi wa mitambo mikubwa hawategemei macho wala kumbukumbu. Wana namna za takwimu za kuchota sampuli, kulinganisha kinachoingia na kinachotoka, kutofautisha siku mbaya ya kawaida na hitilafu ya kweli, na kujaribu badiliko kabla ya kuliamini. Mhandisi mmoja, Tim Napier-Munn wa Australia, ameandika kitabu kizima juu ya namna hizo kwa ajili ya wachenjuaji wa madini. Nyingi kati ya hizo zinahitaji penseli, mizani na uvumilivu tu. Nitazieleza nne, moja baada ya nyingine, nikianza na ile inayomgusa mkulima moja kwa moja.

Konzi moja inapoamua mali ya mwaka

Wengi tunakumbuka sakata la makinikia mwaka 2017. Serikali ilizuia makontena 277 ya mchanga wa madini bandarini Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikachukua sampuli na kusema kuna wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, jumla tani 7.8. Kampuni ya Acacia ikapinga, ikisema kiasi halisi ni kidogo mara kadhaa. Suala hilo lilimalizwa kwa makubaliano na kampuni ya Barrick, yaliyozaa kampuni ya Twiga. Sina nia ya kufufua ubishi wa nani alikuwa sahihi. Ninachotaka tuone ni kwamba taifa zima na kampuni kubwa walibishana juu ya vichoto vya mchanga: vilichotwa wapi, vingapi, na vikapimwaje.

Sasa njoo kwenye ghala la chama cha msingi mwezi Oktoba. Mkulima kaleta magunia kumi. Karani anafungua mawili yaliyo juu, anachota konzi, anazipasua korosho chache, anatazama, anatamka: daraja la kwanza, au daraja la pili. Mali ya mwaka mzima imeamuliwa kwa konzi. Hapo hakuna lazima ya mtu kuwa mwizi. Hata karani mwaminifu kama malaika anaweza kukosea vibaya, na nitaonyesha kwa namba.

Kilo moja ya korosho ghafi ina korosho karibu 200. Tuseme mzigo wa mkulima una korosho mbovu 15 katika kila 100. Ukichota kilo moja iliyochanganywa vizuri, kwa bahati tu unaweza kukuta mbovu 10 kwa mia au 20 kwa mia, na yote ni mambo ya kawaida. Mkulima yule yule na mzigo ule ule, leo anasifiwa na kesho anakataliwa. Ukipasua korosho 1,000 badala ya 200, yaani kilo tano, mwanya huo unapungua na kuwa kama 13 hadi 17 kwa mia. Kanuni yake ni hii: ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, ongeza sampuli mara nne. Ukichota korosho 20 za mkononi, unacheza kamari.

Hayo ni makosa ya bahati, na yanavumilika kwa sababu leo yanamwumiza mkulima, kesho yanamwumiza mnunuzi. Mabaya zaidi ni makosa yanayoegemea upande mmoja. Mfaransa Pierre Gy, aliyeweka misingi ya elimu ya kuchukua sampuli duniani, alianza kulifikiria jambo hili miaka ya 1940 akiwa kwenye mgodi wa risasi huko Kongo ya Wafaransa, alipotakiwa kukadiria kiasi cha madini kwenye lundo kubwa la mawe. Fundisho lake kuu linaweza kusemwa kwa sentensi moja: kila punje katika mzigo lazima iwe na nafasi sawa ya kuchotwa. Ukichota juu ya gunia tu, zile za chini hazina nafasi. Ukichota kwenye magunia yaliyo karibu na mlango, yale ya nyuma hayana nafasi. Na wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana korosho nzuri huwekwa mdomoni mwa gunia na mawe huwekwa katikati.

Dawa yake wachimbaji wanaijua tangu zamani. Chota juu, katikati na chini, kwa mkono au kwa bambo pana. Gusa magunia yote kama ni machache. Kama ni mengi, chagua kwa kupiga kura. Mwaga vichoto vyote sakafuni pawe lundo moja, changanya kwa koleo, gawanya lundo mafungu manne, ondoa mafungu mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, gawanya tena, mpaka upate kiasi cha kupasua. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mzigo wa mkulima mmoja.

Ukishapasua, andika namba. Biashara ya korosho duniani inahesabu ratili za karanga nzuri zinazopatikana kwenye gunia la kilo 80. Katika kilo moja ya sampuli, pima gramu za karanga nzuri, ongeza nusu ya uzito wa zile zenye madoa au zilizosinyaa kidogo, kisha zidisha kwa 0.176. Ukipata gramu 280, jibu ni ratili 49 na kidogo. Mnunuzi aliyeko ng'ambo anaijua namba hiyo kabla meli haijafika. Mkulima aliyezilima haijui. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza mguu mmoja ukiwa umefungwa. Tunalaani kangomba kwa sababu ni kununua kwa bakuli bila mizani, na tunafanya haki kulaani. Lakini kupanga daraja kwa konzi nako ni kangomba ya ubora.

Unyaufu au wizi?

Namna ya pili ni kulinganisha kinachoingia na kinachotoka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, neno linaloleta ugomvi kwenye mikutano ya vyama ni unyaufu. Mzigo uliingia ghalani kilo kadhaa, ukatoka pungufu, na fedha zikakatwa. Mkulima anasema ameibiwa. Mtunza ghala anasema korosho zimekauka. Nani mkweli?

Hesabu inaweza kuamua, kwa sharti kwamba unyevu ulipimwa siku ya kuingia na siku ya kutoka. Chukua kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 12. Ndani yake kilo 880 ni korosho kavu na 120 ni maji. Zikikauka hadi asilimia 9, zile 880 zinakuwa asilimia 91 ya mzigo, hivyo mzigo wote unakuwa kilo 967. Kilo 33 zimekwenda hewani na hakuna aliyeiba. Lakini kama ziliingia zikiwa na asilimia 9 na kutoka na 8, upungufu halali ni kilo 11 tu. Akikuambia ni 33, muulize zile 22 ziko wapi. Bila kipimo cha unyevu kwenye daftari la mapokezi, ugomvi huo hautakwisha hata mkichagua viongozi wapya kila mwaka.

Kiwandani ni vilevile. Kilo 1,000 zinaingia. Mwisho wa siku pima karanga, pima maganda, pima ngozi laini zilizomenywa, kadiria maji yaliyokauka. Tuseme, kwa mfano tu, umepata karanga 215, maganda 690, ngozi 25 na maji 40. Jumla 970. Kilo 30 hazina maelezo. Zimeenda mfukoni? Mizani imelegea? Hujui, ila sasa unajua kwamba hujui, na huo ni mwanzo mzuri. Kisha chota sampuli ya maganda kwa utaratibu ule ule na utafute vipande vya karanga vilivyoganda ndani. Maganda ndiyo marudio yetu. Kiwanda kisichopima maganda yake kinachoma karanga jikoni.

Siku mbaya na siku yenye ugonjwa

Namna ya tatu inawahusu mameneja na viongozi wa vikundi vya wabanguaji, na hasa akina mama wanaofanya kazi hiyo kwa mikono. Tuseme kikundi kinaandika kila siku asilimia ya karanga zilizotoka nzima. Siku kumi za kwanza ni 68, 71, 66, 70, 72, 69, 67, 71, 68 na 70. Siku ya kumi na moja zikatoka 64. Msimamizi wa kawaida atafoka. Siku zikitoka 74 atawapongeza. Kesho yake zikirudi 68 atasema sifa zimewalewesha. Kumbe hakuna kilichobadilika.

Mwaka 1924 Mmarekani Walter Shewhart alibuni chati rahisi ya kumaliza ubishi huo. Tafuta wastani wa siku zile kumi: ni 69.2. Tafuta tofauti ya kila siku na siku iliyofuata, bila kujali imepanda au imeshuka: 3, 5, 4, 2, 3, 2, 4, 3, 2. Wastani wa tofauti hizo ni 3.1. Zidisha kwa 2.66, unapata kama 8. Sasa chora mstari wa katikati kwenye 69, wa juu kwenye 77 na wa chini kwenye 61. Siku yoyote iliyo kati ya mistari hiyo ni mtikisiko wa kawaida wa kiwanda chako, usimfokee mtu. Siku ikitoka 58, simamisha kazi utafute sababu: mvuke ulipungua, visu vimekuwa butu, au mzigo mwingine umeingia. Na kama unataka wastani wenyewe upande kutoka 69 hadi 75, makelele hayatakusaidia. Lazima ubadilishe namna ya kufanya kazi.

Thamani yake ni nini? Kiwanda kidogo kinachobangua tani 1,000 za korosho ghafi kwa mwaka kinatoa karanga kama kilo 220,000. Tuseme korosho nzima inazidi kipande kwa Sh. 3,000 kwa kilo. Kila asilimia moja inayotoka kwenye vipande kwenda kwenye nzima ni kilo 2,200, yaani Sh. milioni 6.6. Asilimia tano ni milioni 33. Fedha hiyo haikopwi benki na haihitaji mwekezaji.

Shilingi inayoamua kwa haki

Namna ya nne ni kujaribu badiliko bila kujidanganya. Fundi anakuja na ushauri: ongezeni muda wa kupika kwa mvuke kwa dakika tano, korosho zitapasuka vizuri. Mkabadilisha katikati ya Novemba, mkalinganisha na Oktoba, mkaona nzima zimepungua, mkamfukuza fundi. Lakini Oktoba mlikuwa mnabangua korosho za jua, na mwishoni mwa Novemba zimeanza kuingia zilizonyeshewa. Mmelinganisha misimu, hamkulinganisha dakika. Mitambo ya madini huwa na tatizo hili kila siku, kwa kuwa mbale ya leo si ya jana.

Njia ya haki ni kulinganisha jozi. Chukua gunia moja, lichanganye, ligawe kilo 40 kwa 40. Rusha shilingi: sura, nusu ya kulia ipikwe kwa desturi ya zamani, mwenge, nusu ya kushoto. Nusu nyingine ipikwe kwa desturi mpya. Wabanguaji wawe wale wale, siku iwe ile ile. Hesabu nzima katika karanga 500 za kila upande, andika nani kashinda. Rudia kwa magunia manane.

Kama desturi mpya haina maana yoyote, kushinda kwake ni sawa na kurusha shilingi. Shilingi ikirushwa mara nane, kupata sura mara tano au zaidi hutokea katika majaribio 36 kwa mia, hivyo ushindi wa tano kwa tatu hauna cha kutuambia. Lakini kupata sura mara saba au nane hutokea chini ya mara 4 kwa mia. Desturi mpya ikishinda saba kati ya nane, ichukueni. Mambo ya namna hii yalianzia kwenye bia na shayiri: William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha Guinness kule Dublin, aliandika mwaka 1908 kwa jina la kificho jinsi ya kuamua kwa majaribio machache. Kama walevi wa Dublin walistahili hesabu nzuri, basi wabanguaji wa Newala nao wanastahili.

Wanaopinga wana hoja

Najua nitaambiwa kwamba takwimu haziliki. Mbanguaji mdogo anashindwa kwa sababu hana mtaji wa kununua korosho za kutosha mwaka mzima, mnunuzi wa ng'ambo anamzidi bei mnadani, umeme unakatika na riba iko juu. Hoja hiyo ni ya kweli na daftari haliwezi kuwa mbadala wa mtaji. Ila nani atakayemkopesha mtu asiyeweza kuonyesha kilo ngapi ziliingia na ngapi zilitoka? Na mtu aliyebanwa na bei ndiye hasa asiyeweza kumudu kupoteza asilimia tano kwenye maganda.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi. Namba zinaweza kuwa fimbo. Msimamizi akiweka chati ili awakate mshahara akina mama walioshuka chini ya wastani, wataanza kuficha vipande, na daftari litajaa uongo. Siku zote nusu ya watu watakuwa chini ya wastani au karibu yake, hata kama wote ni hodari. Kwa hiyo chati ibandikwe ukutani wanapoiona wote, ihesabu kazi ya kiwanda wala si ya mtu mmoja mmoja, na sababu zitafutwe kwanza kwenye mashine na mzigo.

Tufanye nini

Kwanza, vyama vya msingi vya Masasi na Newala viamue kwenye mikutano mikuu yao utaratibu mmoja wa kuchota sampuli, uandikwe, ubandikwe mlangoni mwa ghala, na mkulima awe na haki ya kusimama hapo akitazama. Stakabadhi yake iandikwe uzito, unyevu na ratili, zaidi ya neno daraja. Kila chama kiwe na kipimo cha unyevu kinachokaguliwa kama mizani inavyokaguliwa.

Pili, vyama vikuu vyetu vya MAMCU na TANECU vikusanye namba hizo kijiji kwa kijiji na kuzirudisha kwa wakulima. Kijiji kikijua korosho zake zina ratili 52 na jirani ana 47, watauliza jirani anakausha vipi na anaokota lini. Hiyo ni shule ya ugani isiyohitaji semina.

Tatu, yeyote anayeomba eneo, msamaha wa kodi au dhamana ya mkopo kwa ajili ya kiwanda, Bodi ya Korosho imwulize asilimia ya nzima anayotegemea, amepimaje, na kwa korosho za mwezi gani. Mashine ijaribiwe kwa jozi, kwa korosho zetu, mbele ya wanunuzi wake, kabla fedha haijalipwa. Mitambo ya miaka ya sabini ingejaribiwa hivyo, pengine tungeokoa mengi.

Nne, wewe mbanguaji mdogo usisubiri mtu. Nunua daftari la kurasa mia, mizani ya kuaminika na penseli. Andika siku kumi, chora mistari mitatu. Msimu huu huu.

Viwanda tulivyojengewa mwanzo vilikuwa na mabomba, boila na bango kubwa getini. Watoto wetu wanaopita leo mbele ya majengo hayo wanauliza palikuwa na nini. Wakati huu tuanze na kipimo, bango lije baadaye.